Tela ya mtumbwi ya kujitengenezea nyumbani, bila kuvuruga nyumba

Mtumbwi unaokaa mwaloni mwaka mzima unazeeka kwa kukaa kuliko kwa kuvua. Jua linakausha mbao mpaka viungo vinafunguka na kalafati, pamba ya kuzibia nyufa, inachomoka. Magugu maji yakisukumwa na upepo yanauzingira na kuubana. Usiku kuna wezi. Kwetu Ukerewe, kama ilivyo Musoma, Bukoba na kwingine kando ya Ziwa Victoria, mwenye mtumbwi mdogo wa kutegea nyavu karibu au kuvukia ng'ambo angependa kuulaza nyumbani chini ya mwembe, mahali anapouona akifungua dirisha. Kinachomzuia ni njia ya kupanda kutoka ziwani. Wabebaji wanne hawapatikani kila jioni, na kuuburuza chini kunakula mkuku, yaani uti wa chini wa mtumbwi.

Tela ya magurudumu mawili inayovutwa kwa mkono inaondoa shida hiyo. Mtu mzima na kijana aliyekomaa wanatosha kupeleka mtumbwi wa mita 4 majini na kuurudisha. Maelekezo mengi ya kazi za chuma yanamchukulia msomaji kama mtu mwenye karakana yake na siku nzima mkononi. Haya ni ya mtu mwenye uani mmoja unaotumiwa na wote: wanaofua, wanaopika, wanaocheza na wanaosoma.

Niseme mapema: tela hii haikutengenezwa kufungwa nyuma ya pikipiki wala gari. Kwenye mteremko mzigo wa kilo 120 unaisukuma pikipiki kwa nyuma, na tela ya barabarani inahitaji taa, breki na kiungo cha aina nyingine kabisa.

Anza na mizani, msumeno baadaye

Kabla hujanunua hata bolti moja, jua mtumbwi wako una uzito gani na uzito huo umekaa wapi. Tela ikiwa na ekseli mahali pasipofaa, hata ingekuwa imechomelewa vizuri namna gani, itakuvunja mgongo au itakunyanyua mpini usoni.

Mwaloni kuna mizani ya kuning'iniza ya wanunuzi wa sangara. Mwombe mwenyewe mchana, soko likishapoa. Uning'inize kwenye tawi nene au kwenye mti unaobebwa mabegani na watu wawili. Funga kamba kuzunguka mtumbwi sentimita 20 kutoka ncha ya omo (mbele), na nyingine sentimita 20 kutoka ncha ya tezi (nyuma). Nyanyua omo kwa mizani huku tezi imeegemea gogo lililowekwa chini ya kamba yake hasa, mtumbwi ukiwa umelala sawa. Andika kilo. Kisha geuza: tezi kwenye mizani, omo kwenye gogo. Ukijumlisha namba hizo mbili unapata uzito wote.

Sasa zidisha uzito wa tezi kwa umbali kati ya kamba mbili, ugawanye kwa uzito wote. Jibu ni umbali wa kitovu cha uzito kutoka kamba ya omo. Tuseme omo imetoa kilo 48, tezi kilo 72, na kati ya kamba ni mita 3.6. Jumla ni kilo 120. Mara 72 kwa 3.6, gawanya kwa 120, unapata mita 2.16. Ongeza zile sentimita 20: kitovu kiko mita 2.36 kutoka ncha ya omo na mita 1.64 kutoka ncha ya tezi. Weka alama ya rangi pande zote mbili.

Hesabu hii mpe mtoto anayesoma nyenzo shuleni. Ataielewa kuliko alivyoielewa ubaoni, na wewe utakuwa na mtu wa kukukagulia namba.

Pima siku mtumbwi umetoka majini, ukiwa mtupu, bila nyavu wala makasia. Mbao zilizolowa ni nzito kuliko zilizokauka, na hivyo ndivyo utakavyoupandisha nyumbani. Ukikosa mizani, ingiza mti wa mviringo chini ya mtumbwi uusogeze mpaka usiinamie mbele wala nyuma. Utapata kitovu, ila uzito utabaki wa kukadiria.

Jambo la mwisho la kupima ni njia. Tela hii ina upana wa mita 1.2. Pima geti, pima uchochoro wa jirani, pima pale panapopita kati ya mawe. Penye mita 1.3 pako wazi. Penye pungufu utafute njia nyingine au upunguze upana kwenye mahesabu yanayofuata.

Vyuma na magurudumu

Nunua skwea paipu mbili za milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2. Huuzwa zikiwa na urefu unaokaribia mita 6, lakini pima mwenyewe dukani; nyingi zina mita 5.8, na orodha hii imepangwa zitoshe hata hizo.

Paipu ya kwanza: mkono wa kuvutia mita 3, na reli mbili za ndani za mita 1.3 kila moja.

Paipu ya pili: mihimili miwili ya kukingama ya mita 1.2, reli mbili za nje za sentimita 85, mpini sentimita 60, nguzo ya mpini sentimita 45, na vipande viwili vya sentimita 30 vya kutia nguvu kwenye pembe.

Chukua chuma cheusi cha kawaida. Kile cha kung'aa kilichopakwa zinki kinavutia kwa sababu hakishiki kutu haraka, lakini kikichomelewa kinatoa moshi mweupe unaomletea mtu homa na kutetemeka usiku. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, rangi nzuri inatosha.

Magurudumu mazuri kwa kazi hii ni ya mbele ya bodaboda, rimu ya inchi 18. Yapo kila gereji, tyubu na viraka vinapatikana kila kona, na kimo chake cha sentimita 60 hivi kinapita juu ya mawe na mizizi. Lakini yana sharti moja ambalo wengi hulivunja: gurudumu la pikipiki limetengenezwa lishikwe pande zote mbili, kama linavyoshikwa na foku, ule uma wa mbele wa pikipiki. Ekseli yake ni nyembamba, milimita 12 hivi. Ukiishika upande mmoja tu, kama gurudumu la gari, itapinda safari za mwanzo. Ndiyo maana tela yetu ina reli mbili kila upande, gurudumu katikati.

Toa sahani ya breki kwenye habu (sehemu ya katikati ya gurudumu inayopitisha ekseli) na mahali pake uweke bushi, kipande cha bomba kinachojaza nafasi. Kisha pima upana wa habu na bushi zake. Hapa natumia nafasi ya sentimita 16 kati ya reli, pamoja na unene wa bapa za kushikia ekseli. Ya kwako ikitofautiana, fuata ya kwako.

Vingine: bapa ya chuma ya milimita 50 kwa 6, urefu wa nusu mita; yubolti moja (bolti yenye umbo la U) ya kukumbatia paipu ya milimita 40; bolti, nati na wosha za milimita 10; ubao wa inchi 2 kwa 8 wa mita 2; gogo la mviringo la unene wa mkono; tairi kuukuu; grisi; praima na rangi ya mafuta.

Saa za kelele na saa za kimya

Kazi hii igawe kwa sauti yake. Kukata na kusaga ni kelele na cheche: kufanywe asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, watoto wakiwa shuleni na kabla mdogo hajalala usingizi wa mchana. Kupima, kuchora, kukata ubao kwa msumeno wa mkono na kufunga bolti ni kazi za jioni, na hapo watoto wanakaribishwa. Nyumba yenye mtahiniwa wa kidato cha nne, saa zake za kujisomea ziheshimiwe kabla ya zako.

Siku ya kusaga chuma isiwe siku ya kufua. Vumbi la grenda likitua kwenye nguo mbichi linaacha vidoa vya kutu visivyotoka, na sare nyeupe ya shule iliyoharibika hivyo itakugharimu fedha na amani. Kubaliana na mama watoto tangu Ijumaa: Jumamosi ya nani.

Ukimaliza kusaga, ufagio hautoshi. Toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uipitishe juu ya udongo. Chembe za chuma zitanasa kwenye mfuko. Ugeuze mfuko ndani nje juu ya kopo, zimeondoka. Uani ni mahali pa kutembelea miguu mitupu, na chembe hizo zinaingia nyayoni kimya kimya.

Kuchomelea kupeleke kwa fundi, hata kama una mashine ya kuazima. Mtoto akiutazama mwanga wa kuchomelea haumii pale pale. Anaamka usiku analia macho yana mchanga. Hata siku ya kwenda kwa fundi ina wakati wake. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, maana taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa mkali, na hizo ndizo siku wanazoleta injini na vyombo vyao kutengenezwa. Nenda mwezi ukiwa mdogo, utamkuta fundi ana subira ya kukusikiliza.

Kuunga fremu

Laza mihimili miwili ya kukingama chini, sambamba, nafasi ya wazi kati yake sentimita 75 ili gurudumu lizunguke bila kugusa. Juu yake panga reli. Za nje zikae sawa na ncha za mihimili. Za ndani ziwe sentimita 16 kutoka za nje, na ncha zake zipitilize kwa usawa mbele na nyuma. Kati ya reli mbili za ndani itabaki sentimita 72, nafasi ambayo tumbo la mtumbwi linashukia.

Kabla ya kuchomelea, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, kisha kona nyingine mbili. Namba zikilingana, fremu iko pembe mraba. Mwambie fundi ashikishe kwa nukta ndogo kwanza kila kiungo, mpime tena, ndipo ajaze. Chuma kikipata moto kinavuta, na fremu iliyokuwa sawa inaweza kwenda upande ikijazwa kona moja mfululizo.

Kata bapa vipande vinne vya sentimita 12. Vibane pamoja na kutoboa tundu la ekseli kwa mpigo mmoja, vyote vinne, ili matundu yalingane. Vitachomelewa kwenye nyuso za reli zinazotazama gurudumu, vikining'inia chini, katikati kabisa ya nafasi ile ya sentimita 75. Wakati wa kuchomelea pitisha ekseli tupu ikiwa na kipande cha bomba chenye urefu wa habu. Gurudumu lenyewe likae mbali, moto usije ukala tairi na tyubu. Nyuso za bapa zinakula milimita 6 kila upande wa gurudumu, jumla milimita 12, kwa hiyo ziongeze kwenye nafasi yako kama habu yako inagusa.

Funga magurudumu, pima umbali kati ya tairi mbili kwa mbele, kisha kwa nyuma. Tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, tela itavutika kwa shida na tairi zitalika upesi, na kurekebisha sasa ni rahisi kuliko baada ya rangi.

Mkono wa mita 3 unapita chini ya mihimili yote miwili, katikati. Kwenye mhimili wa nyuma ufunge kwa bolti moja iliyopita tundu. Kwenye mhimili wa mbele tumia yubolti bila kutoboa mkono. Hapo ndipo mkono unapobeba mvutano mkubwa kuliko mahali pengine, na tundu lingeudhoofisha pabaya. Ukilegeza nati tatu mkono unachomoka, fremu inaegemezwa ukutani na uani unarudi kuwa uani.

Kwenye ncha ya mbele chomelea nguzo ya sentimita 45 iliyosimama, juu yake mpini wa kukingama. Bila nguzo hiyo ungevuta ukiwa umeinama njia nzima.

Kitanda cha mtumbwi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda, na ndiyo inayofaa kufanywa na familia nzima. Chukua boksi la katoni, mtoto mmoja alishike chini ya mtumbwi, mwingine achore, wewe ukate kidogo kidogo mpaka katoni ikumbatie umbo la tumbo. Fanya hivyo mahali pawili, karibu nusu mita na kitu mbele na nyuma ya alama ya kitovu. Chagua mahali penye mataruma (mbavu za mtumbwi) ndani. Ubao wa mtumbwi usio na taruma nyuma yake unasukumwa ndani na uzito wake wenyewe, na uvujaji unaanzia hapo.

Hamisha umbo la katoni kwenye ubao, kata, kisha visha kingo kwa vipande vya tairi kuukuu. Misumari ipigwe ubavuni mwa ubao, pasipogusa mtumbwi. Kila kitanda kifungwe kwenye reli za ndani kwa bolti mbili, na utoboe matundu matatu matatu yaliyopishana sentimita 5 ili uweze kukisogeza.

Nyuma kabisa ya reli weka lile gogo la mviringo, limetobolewa katikati na kupitishwa nondo, liviringike. Uso wake wa juu uwe chini kidogo ya kitanda cha nyuma. Mtumbwi ukiinamishwa utaliegemea na kuteleza wenyewe.

Mtumbwi unapakiwa tezi ikielekea kwenye mpini. Upande mzito ndio mfupi, kwa hiyo hautakugonga kisogoni, na ukifika majini unarudisha tela kinyumenyume na omo inaingia ziwani kwanza. Alama ya kitovu ikae sentimita 10 mbele ya ekseli, upande wa mpini. Hapo, pamoja na uzito wa mkono wenyewe, mpini utakuwa na kilo 10 hivi. Pungufu ya hapo tela inayumba na kutaka kupinduka nyuma. Zaidi ya hapo mikono inachoka kabla ya kilima.

Rangi

Piga msasa, futa kwa petroli kidogo mbali na jiko, praima mara moja, rangi ya mafuta mara mbili. Ziba ncha za paipu, maji yasikae ndani. Bandika stika za kung'aa nyuma na ubavuni, kwa sababu utarudi jioni na bodaboda wanapita njia hiyo hiyo.

Kujaribu kwa maji kabla ya mtumbwi

Jaza madumu sita ya lita 20. Hizo ni kilo 120, sawa na mtumbwi wa mfano wetu. Yapange juu ya vipande vya mbao kwenye fremu, uvute mpaka kisimani na kurudi, upite penye mashimo makusudi. Sikiliza habu, tazama viungo, kaza nati. Dumu likianguka ni maji tu.

Watoto wataiona tela kuwa ya kuchezea, na usipoweka sheria siku ya kwanza hutaiweka tena. Kupanda kwenye mkono wa kuvutia ni marufuku: mtu wa kilo 60 akiukalia nchani tela ikiwa na mzigo, paipu hiyo inaweza kupinda moja kwa moja. Tela iliyosimama iwekewe kabari magurudumu yote mawili. Na hakuna anayekaa ndani ya mtumbwi ukiwa juu ya tela.

Kufunga mzigo, mikanda miwili ya tyubu kuukuu kupitia juu inatosha kuzuia kuruka, lakini haizuii kuteleza. Ongeza kamba ya manila kutoka tezi hadi mhimili wa mbele na nyingine kutoka omo hadi mhimili wa nyuma. Kwenye mteremko mtu wa pili atembee nyuma akishika kamba iliyofungwa kwenye fremu. Asitembee mbele wala ubavuni. Penye mchanga punguza upepo mpaka tairi ibonyee kidogo, na pampu ya baiskeli ije nayo.

Ufukweni rudisha tela mpaka maji yafike chini kidogo ya habu, usizidi. Beringi za pikipiki hazipendi kuzamishwa, na siku zilipozama kwa bahati mbaya zifunguliwe jioni hiyo hiyo, zikaushwe na kutiwa grisi mpya. Fungua kamba zote, nyanyua mpini taratibu, mtumbwi utalala kwenye gogo na kushuka omo mbele. Kuupandisha ni kinyume chake: kamba imefungwa tezi, mmoja anavuta, mwingine anaelekeza.

Siku ambazo mtumbwi umelala chini ya mwembe, fungua bolti nne, vua vitanda, weka mbao za kulaza, na nyumba ina mkokoteni wa kubebea maji, kuni au magunia ya mihogo ya kwenda mashineni. Madumu yapange kuanzia juu ya ekseli kwenda upande wa mpini, na uyashushe ukianzia yaliyo nyuma.